Vikombe vinne vya unga, lakini vikombe vya nani?

Ukinunua sufuria la umeme la kupikia wali, ndani yake utakuta kikombe kidogo cha plastiki. Katika nyumba nyingi kikombe hicho hakimalizi mwaka. Watoto wanakichezea, mtu anakichotea sabuni ya unga, kisha hakionekani tena. Mpishi anachukua kikombe cha chai kilicho karibu, anapima mchele mara tatu, anajaza maji hadi mstari wa 3 uliochorwa ndani ya sufuria, na wali unatoka na kiini. Lawama huenda kwa muuza mchele, au kwa umeme unaokatikakatika.

Mwenye kosa ni kikombe. Kile kilichopotea kina mililita 180, kipimo cha kale cha Wajapani cha mchele kiitwacho go, na mistari ya sufuria imechorwa kwa kukifuata hicho. Kilichochukua nafasi yake huenda kina mililita 240. Kwa vikombe vitatu, mchele umezidi kwa kikombe kizima cha plastiki, na kwa kuwa mchele huo wa ziada nao umelala chini ya mstari uleule, maji yamepungua badala ya kuongezeka.

Hapo tatizo ni dogo, maana ni ujazo kwa ujazo. Kubwa linaanza pale resipi inapoandikwa kwa vikombe na mpishi ana mizani, au inapoandikwa kwa gramu na mpishi ana kikombe cha bati tu. Ndipo linapokuja swali ambalo kila anayejifunza kuoka huliuliza: kikombe kimoja ni gramu ngapi? Swali hilo halijibiki mpaka mwulizaji aseme kikombe kipi, na cha nini. Kama ni cha unga, aseme pia amekijazaje.

Tuanze na kikombe kipi. Wamarekani ndio waliokitandaza kikombe duniani kama kipimo cha jikoni, kwanza kwa vitabu na sasa kwa video. Cha kwao ni nusu painti ya Kimarekani, karibu mililita 237. Kwenye maelezo ya lishe yanayobandikwa kwenye vyakula, sheria yao inakihesabu kuwa 240. Waaustralia wamekinyoosha kikawa 250, robo lita kamili. Wajapani wana cha mililita 200 kwa upishi wa kawaida, mbali na kile cha mchele. Kitabu cha zamani cha Kiingereza kinaweza kumaanisha nusu painti ya Uingereza, ambayo ni mililita 284. Vijiko navyo vina yao. Kijiko cha chakula ni mililita 15 karibu kila mahali, lakini cha Australia ni 20, kwa hiyo anayefuata mpishi wa Melbourne kwa vijiko vilivyonunuliwa Nairobi anapunguza robo ya kila kinachopimwa kwa kijiko hicho bila kujua.

Vikombe vyetu vya nyumbani havikuundwa kupimia kitu. Kikombe cha bati kimeundwa kunywea uji au chai, na ukivipanga kabatini utakuta cha mililita 250, cha 350 na kile cha nusu lita ambacho baba wa nyumba amekihodhi. Bilauri ni hivyohivyo. Resipi inayosema "vikombe vinne vya unga" bila kusema zaidi inaweza kumaanisha lita moja au lita mbili za unga, na wote wawili, aliyeiandika na anayeisoma, wakaamini wameelewana.

Sasa cha nini. Chukua kopo la lita moja. Likijaa maji lina kilo moja, na hilo halikutokea kwa bahati: Wafaransa mwaka 1795 waliifunga gramu kwenye maji, wakaamua kuwa ni uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji kwenye baridi ya barafu inayoyeyuka. Lita na kilo zilifanywa zipatane kwa maji. Kitu kingine chochote hakikuwamo katika makubaliano hayo. Jaza kopo lilelile mafuta ya kupikia, utapata gramu kama 920. Asali inafika kilo 1.4. Chumvi laini inakaribia kilo 1.2. Sukari ni gramu 850 hivi, mchele ni 800 na kitu. Unga wa ngano unaweza kuwa 500, unaweza kuwa 600 na zaidi, na hakuna aliyekudanganya katika namba zote mbili.

Unga ndio msumbufu mkuu wa jambo hili, na inafaa tukae nao kidogo. Chembe zake ni ndogo na nyepesi, zinashikana kwa namna inayoacha nafasi nyingi za hewa. Ukitumia kikombe cha Kimarekani, unga uliochekechwa na kuachwa uanguke wenyewe ndani yake hauzidi sana gramu 110. Uliotiwa kwa kijiko taratibu kisha ukasawazishwa kwa kisu unafika 120 hadi 125. Ukikizamisha kikombe ndani ya mfuko na kukitoa kimejaa, kama tunavyofanya wengi, unafika 140 au 150. Ukikigonga mezani kabla ya kusawazisha, unaongeza tena. Hata Wamarekani wenyewe hawajapatana: kiwanda cha unga cha King Arthur kinahesabu kikombe kuwa gramu 120, na wapishi wa America's Test Kitchen wanahesabu 142. Kwa resipi ya vikombe vinne, tofauti yao ni gramu 88, kiasi kinachotosha kugeuza kinyunya laini kuwa kigumu. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa namna yake ya kuchota.

Aliyejaribu kuukomesha mvurugano huu ni mwanamke wa Boston, Fannie Farmer. Mwaka 1896 alichapisha kitabu kikubwa cha shule ya upishi aliyoiongoza, na wachapishaji, Little, Brown, hawakuwa na imani nacho. Walimtaka agharimie mwenyewe uchapaji wa nakala 3,000 za kwanza. Kilikuja kuuzwa mno. Kabla yake resipi nyingi zilisema "siagi ya ukubwa wa yai" au "kikombe cha chai kilichojaa". Farmer alishikilia kwamba kikombe kiwe cha kupimia, kijazwe, kisha kisawazishwe juu kwa kisu, na kijiko vilevile. Marekani yote ilimfuata na inamfuata mpaka leo. Namheshimu, kwa sababu alimpa mpishi wa kawaida njia ya kurudia alichokifanya jana bila kununua mizani. Lakini kisu chake kinasawazisha juu tu. Hewa iliyoko chini hakiigusi.

Pishi, kibaba na uwiano

Msomaji wa pwani anaweza kuuliza: mbona bibi zetu walipika kwa ujazo maisha yao yote na vitumbua vyao havikuharibika? Swali hilo ni zuri kuliko la gramu, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Pwani yetu ilipima nafaka kwa ujazo kwa karne nyingi. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi sitini ni jizla. Uzito ulikuwa na kazi yake pengine: karafuu, mbata na pembe za ndovu zilikwenda kwa frasila, ratili 35, karibu kilo 16 za leo. Jikoni na dukani ni kibaba, bandarini ni mizani, na mara chache sana mtu alilazimika kugeuza kimoja kuwa kingine.

Ndani ya jiko moja, kibaba hakihitaji kuwa sahihi. Kinahitaji kuwa kilekile. Mama anayepima mchele wa vitumbua kwa kopo, tui kwa kopo hilohilo na sukari kwa nusu ya kopo hilohilo, hashughuliki na kiasi. Anashughulika na uwiano. Kopo likiwa kubwa, vitumbua vitakuwa vingi, likiwa dogo, vitakuwa vichache, ladha haibadiliki. Namna yake ya kuchota pia ni moja kwa sababu mkono ni mmoja. Mchele wenyewe ukibadilika, yeye anaona. Mchele mpya wa Kyela au Mwea unanywa maji machache kuliko uliokaa ghalani, na mpishi mzoefu anapunguza maji kwa kuutazama tu. Hakuna jedwali la gramu litakalomwambia hilo.

Matatizo yalianza resipi ilipopanda basi. Binti wa Tanga anaolewa Mwanza, anapigia simu nyumbani: "Mama, mkate wa kumimina mchele kiasi gani?" Anajibiwa: "Vikopo viwili, mwanangu, kile cha maziwa ya unga." Kile kipi? Kilichokuwa jikoni kwao miaka hiyo huenda hakiundwi tena. Uwiano ulikuwa umefungwa kwenye chombo, na chombo kimebaki Tanga.

Mahali ambapo ugeuzaji wa ujazo kuwa uzito umewashughulisha watu wetu kwa muda mrefu kuliko popote si kwenye keki. Ni kwenye zaka ya fitri. Kiasi kilichowekwa ni swaa moja ya chakula, ambayo pwani tunaiita pishi, na swaa ni mudi nne, vibaba vinne kwa hesabu yetu. Mudi yenyewe hukadiriwa kwa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa pamoja. Hicho ni kipimo cha ujazo. Sasa kila Ramadhani ikielekea kwisha, waumini wanataka kujua ni kilo ngapi, kwa sababu duka linauza kwa kilo. Majibu yanatoka tofauti: wapo wanaosema kilo 2 na kidogo, wapo wa kilo 2.5, wapo wa kilo 3 kwa ajili ya tahadhari. Wengine huchukulia tofauti hiyo kuwa ni mvutano wa masheikh. Sehemu yake kubwa ni mvutano wa nafaka: pishi ya ngano, pishi ya tende na pishi ya mchele hazilingani kwenye mizani, na ukiongeza tofauti za makadirio ya pishi yenyewe, unapata masafa yote hayo.

Ugomvi wa kipimo hicho ni wa zamani. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alikwenda Madina akiamini kuwa swaa ni ratili 8, kama walivyohesabu watu wa Iraki. Huko wazee walimletea vyombo vyao, kila mmoja akisema amekirithi kutoka kwa wakubwa wake waliokitumia zama za Mtume. Alivipima, vikatoka ratili 5 na theluthi, akaiacha kauli ya mwalimu wake. Hakuletewa kitabu cha kusoma. Aliletewa vyombo akavipima mwenyewe. Mpishi wa leo hana njia bora kuliko hiyo, na nitairudia mbele.

Sokoni mambo hayana upole huo. Debe lilianza kama bati la mafuta ya taa la galoni nne, gorogoro ya Kenya ni bati la mafuta ya kupikia la kilo 2, na sado ya kaskazini mwa Tanzania ni kopo la rangi. Gunia la mahindi la Kenya la kilo 90 huhesabiwa kuwa gorogoro 40, yaani kilo 2 na robo kwa gorogoro, lakini hiyo ni gorogoro isiyobonyezwa kitako. Muuzaji mjanja hubonyeza kitako ndani, na mnunuzi mjanja hutikisa bati ili nafaka ishuke na kuacha nafasi juu. Lumbesa ni mchezo huohuo kwa kipimo cha gunia: mkulima analipwa kwa gunia moja, na juu yake kumeshonewa kilemba cha viazi ambacho hakuna anayekilipia. Tanzania imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, Kenya kilo 50 kwa viazi, na Wakala wa Vipimo wa Tanzania wamekuwa wakiipiga vita lumbesa kwa miaka. Inarudi kila msimu kwa sababu ujazo unajadilika na uzito haujadiliki, na katika majadiliano hayo mwenye lori hashindwi na mwenye shamba.

Yai halikui na kikombe

Nilisema uwiano unamwokoa mpishi hata kikombe chake kikiwa cha ajabu. Wapo wanaolichukua jambo hilo wakalifanya kanuni: tumia kikombe chochote, ili mradi kiwe kimoja. Kwa wali ni sawa. Kwa uokaji ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoharibu keki.

Tuchukue resipi ya mandazi inayosema: unga vikombe vinne, sukari nusu kikombe, tui kikombe kimoja na robo, yai moja, pakiti moja ya hamira. Aliyeiandika alitumia kikombe cha Kimarekani, kwa hiyo unga wake ni kama gramu 500. Wewe una kikombe cha bati cha mililita 350. Unga wako utakuwa karibu gramu 740. Sukari na tui vimepanda pamoja na unga, vizuri. Yai limebaki moja. Hamira imebaki pakiti moja. Unga umeongezeka kwa karibu nusu, na vitu viwili vinavyoulainisha na kuuinua havikuongezeka hata chembe. Mandazi yatachelewa kuumuka, na yakitoka yatakuwa mazito, nawe utalaumu hamira.

Na hiyo pakiti nayo ichunguzwe. Resipi ya Kimarekani ikisema pakiti moja ya hamira inamaanisha gramu 7, vijiko viwili vya chai na robo. Pakiti nyingi za madukani kwetu zina gramu 10 au 11. Nazi haina hata kiwango hicho. "Tui la nazi moja" linategemea mnazi, mkunaji na maji aliyotia. Mayai ya resipi za nje huhesabiwa kuwa gramu 50 kila moja bila ganda. Yai la kuku wa kienyeji mara nyingi halifikishi gramu 45 pamoja na ganda lake, kwa hiyo mayai manne ya nje ni kama matano au zaidi ya kienyeji.

Keki ya zamani ya Waingereza ya ratili moja ilikwisha kulimaliza tatizo hili kabla ya wote: ratili ya siagi, ratili ya sukari, ratili ya unga, ratili ya mayai. Wafaransa wana ya kwao ya robo nne, kwa mantiki hiyohiyo. Huulizi mayai mangapi. Unavunja mayai uliyonayo, unayapima, kisha unapima siagi, sukari na unga kwa uzito uleule. Ukiwa na mayai madogo, keki itakuwa ndogo, lakini itakuwa keki. Kwa mwenye kufuga kuku nyumbani sijui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa kuwa tumegusa keki: ukiagiza keki ya kilo mbili ya harusi au kipaimara, muulize mwokaji anachokipima ni unga, ni mchanganyiko kabla ya kuingia kwenye oveni, au ni keki iliyokwisha pambwa kwa krimu. Uliza kabla ya kulipa.

Mizani si mfalme wa kila kitu

Baada ya yote haya mtu anaweza kudhani nitasema tununue mizani tuvitupe vikombe. Mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni ni kitu kizuri, hasa ile yenye kitufe cha kurudisha sifuri: unaweka bakuli, unabonyeza, unamwaga unga mpaka 500, unabonyeza tena, unamwaga sukari, na hujachafua chombo kingine. Kwa unga, kakao, nazi iliyokunwa, sukari ya kahawia, siagi na karanga zilizosagwa, yaani kila kinachoshindilika au kung'ang'ania chombo, mizani haina mpinzani.

Lakini mizani hizo nyingi zinahesabu gramu mojamoja, na zikipewa kitu cha gramu 2 au 3 zinababaika. Hamira ya kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 3. Mizani ikikosea kwa gramu moja, umekosea theluthi. Hapo kijiko cha kupimia kinaishinda. Hiliki, mdalasini, magadi na chumvi kidogo vibaki kwenye vijiko. Chumvi ina angalizo lake: kijiko cha chai cha chumvi laini ni kama gramu 6, cha chumvi ya mawe kinaweza kuwa pungufu kwa sababu ya mianya kati ya punje. Resipi ya achari au samaki wa chumvi ikitaja vijiko, tazama ni chumvi gani kabla ya kumwaga.

Maji, maziwa na tui haviumizi kichwa. Maji ni gramu moja kwa mililita, maziwa na tui viko karibu hapo. Pima utakavyo.

Mafuta na asali ndivyo vinavyogusa mfuko. Lita ya mafuta haifiki kilo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 18.4 hivi, kwa hiyo mwuzaji anayenunua kwa kilo na kuuza kwa lita, au kinyume chake, anapaswa kujua yuko upande gani wa hesabu. Asali ni kinyume: dumu la lita 5 lina kama kilo 7. Bei ya asali ya Tabora kwa kilo na bei kwa lita haziwezi kulinganishwa kabla ya kuzidisha ya kilo kwa 1.4. Mtu akikuuzia "kilo moja" ya asali kwenye chupa ya lita moja iliyojaa, amejipunja mwenyewe. Akikuuzia "lita" kwenye chombo kilichopimwa kilo moja, umepunjwa wewe, kwa zaidi ya robo.

Jedwali lako mwenyewe

Majedwali ya kugeuza vikombe kuwa gramu yamejaa kwenye simu. Sina ugomvi nayo yanapohusu sukari, mchele, mafuta au asali, maana hivyo havitofautiani sana. Kwa kikombe cha Kimarekani, sukari ni gramu 200, siagi 227, asali 340, mafuta kama 218, mchele mkavu 185 hadi 200. Kipande cha siagi ambacho Wamarekani wanakihesabu kwa "mche" ni gramu 113, kwa hiyo miche miwili inakaribia kopo letu la gramu 250. Namba hizo unaweza kuziamini.

Kwa unga, jedwali la mtu mwingine linakupa mkono wa mtu mwingine. Fanya kama Abu Yusuf: pima chombo chako. Azima mizani kwa jirani kama huna, au nenda dukani ambako mizani ina alama ya ukaguzi. Chukua kikombe unachokitumia siku zote, kiweke juu, irudishe mizani sifuri, kijaze maji mpaka pale unapokijaza kila siku. Gramu utakazoziona ndizo mililita za kikombe chako. Kikaushe vizuri, chota unga kwa namna yako ya kawaida, bila kujipendekeza kwa mizani, na upime. Rudia mara kadhaa, uchukue wastani. Fanya hivyo kwa unga wa ngano, sembe, sukari na mchele, kisha andika namba hizo ndani ya mlango wa kabati. Ni kazi ya asubuhi moja, na haitakiwi kurudiwa mpaka kikombe kivunjike.

Baada ya hapo hesabu ni nyepesi. Resipi ikitaka gramu 500 za unga na kikombe chako kinachukua 185, gawanya: ni vikombe viwili na karibu robo tatu. Resipi ya nje ikisema kikombe bila kueleza, na ni ya Kimarekani, hesabu unga kuwa 125, utakuwa kati ya wanaobishana, kisha acha kinyunya kiseme kilichobaki. Kikishika vidole ongeza unga kidogo, kikipasuka ongeza tui.

Nina ombi moja kwa wanaogawa mapishi kwenye makundi ya familia, kwa mama na shangazi wanaorekodi sauti wakisema "unga kiasi", na kwa vijana wanaopiga video za kaimati kila Ramadhani. Mkipima kwa kikombe, semeni kina mililita ngapi. Mkipima kwa pakiti, semeni ina gramu ngapi. Na wenye wazazi walio hai na wanaopika, nendeni na mizani jikoni kwao, mpime wanachokichota kabla hakijaingia sufuriani, mkiandike.